Swali Ambalo Bibi Yako Hakuuliza

Mwanangu Editha,

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kushika begi kifuani pale stendi ya Kibondo nimeshazisema, nawe umenijibu "ndiyo mama" mara nyingi mpaka nimejionea haya. Barua hii ni ya jambo jingine. Naiandika leo Jumapili mchana, wewe uko kanisani wanakwaya wakikuombea safari ya kesho, na nataka niwe nimeimaliza kabla hujarudi. Ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, na kwa mdomo sitaweza kukueleza.

Jana nilikusikia ukiongea na simu nyuma ya jiko. Sikuwa nakuvizia, nilikuwa naanua mihogo. Ulikuwa unazungumza na mtu wa kazini kwako, hao wa mradi wa miti, na ukasema: "Wazee wa kile kijiji wameshaandaliwa. Mkutano wenyewe utakuwa wa kukamilisha tu." Ukacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka mkubwa wake ajue kwamba kazi anaiweza.

Ungo ulinitoka mikononi. Ulipokuja kunisaidia kuokota mihogo uliniuliza kama ni kizunguzungu, nikasema ndiyo. Haikuwa kizunguzungu. Nilishtuka kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye chumba ambacho hayumo. Maneno hayo niliyasema mimi, Editha, karibu vilevile, wewe ukiwa kidato cha pili.

Unajua kwamba bonde la Ruhororo lilituponyoka. Unajua kwamba kampuni ya mpunga ilitudanganya. Ndivyo tunavyosema hapa kijijini, na mimi nimekuwa nikisema hivyo pamoja na wengine, hata mbele yako, hata juzi tulipokuwa tunapaki nguo zako. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka nilipokuwa nafanya kazi Nduta, kambini kwa wakimbizi. Warundi walipoanza kuingia kwa wingi, shirika moja lilitafuta watu wanaojua Kirundi na Kiswahili. Mimi nilizaliwa hapa na wazazi waliotoka huko, kwa hiyo nilikuwa nazo zote mbili, na Kiha cha hapa, ndugu ya Kirundi, juu yake. Wakaniweka na wauguzi. Mgonjwa anasema anaumwa wapi, namwambia muuguzi. Muuguzi anasema dawa inamezwaje, namwambia mgonjwa. Siku ya kwanza mkuu wetu alituambia kwamba mkalimani haongezi na hapunguzi, nikaishika hiyo. Kuna mwanamke aliwahi kumtukana daktari tusi zito la nguoni, na mimi nikalitafsiri lote, uso ukiniwaka moto, daktari akacheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa mkalimani mzuri. Nalitaja hilo usije ukadhani mama yako hakuijua kazi.

Mradi ulipopunguzwa tuliambiwa mikataba imekwisha, nikarudi kwenye jembe. Sikuona aibu kulima. Lakini nilikuwa nimezoea kusubiriwa. Watu wawili wamekaa, wana shida, hawawezi kuelewana mpaka mimi nifike: hilo lina utamu wake, na niliukosa kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Ndipo akaja Bwana Faustini, afisa wa kampuni ya mpunga, akitafuta mkalimani. Alikuwa mtu mpole. Nataka ulijue hilo, maana ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mkorofi. Bibi yako alipougua homa ya matumbo, yeye ndiye aliyempeleka hospitali Kasulu kwa gari lake, akakaa naye mpaka akalazwa. Aliniita Madam. Aliniketisha kiti cha mbele, karibu na dereva. Tukipita sokoni watu walinipungia mkono, na mimi nilipunga.

Kampuni ilitaka bonde lote kwa ajili ya shamba la mpunga. Kwa sheria, bonde ni la kijiji, na jambo kama hilo haliamuliwi na mwenyekiti wala halmashauri ya kijiji peke yao. Lazima uitwe mkutano mkuu, kila mtu mzima aje, watu wanyooshe mikono. Kampuni ililijua hilo vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo kwa muda wa miezi miwili kazi yetu, mimi na Bwana Faustini, ilikuwa kitu walichokiita kujenga uelewa.

Hatukukusanya kijiji kizima hata siku moja. Tulikwenda kundi kwa kundi. Vijana wa mpira wakapata jezi na mipira, wakaahidiwa ajira. Kwaya yetu ikapata vitenge vya sare, vile vya zambarau. Akina mama wakaambiwa habari za mashine ya kukoboa. Wazee wakachinjiwa mbuzi, wakaambiwa habari za zahanati. Kila kundi lilisikia la kwake, na bonde lenyewe lilitajwa mwishoni, watu wakiwa wanasimama kuondoka, kama jambo ambalo kila mtu alishalijua. Niliyaona yote hayo na sikuona kitu. Nilikuwa na furaha. Nilisema kwa simu, "Akina mama wameshaandaliwa."

Siku moja kwenye gari Bwana Faustini alinipa karatasi yenye maneno yatakayosomwa mkutanoni. Kulikuwa na neno kuhawilisha. Wananchi wanaridhia ardhi ihawilishwe. Sikulijua. Nikamwuliza.

"Ni neno la kisheria tu," akasema. "Ardhi inatoka mikono hii kwenda mikono ile."

"Kwa Kiha nitasemaje?"

"Wewe ndiye mtaalamu, Madam. Sema kama kuazima. Wazee wataelewa."

"Lakini kuazima, kitu kinarudi."

"Baada ya miaka tisini na tisa si kitarudi?" akasema, akacheka. Na mimi nikacheka. Bado nakisikia kicheko changu ndani ya lile gari. Sikuwa nimeelewa sheria, hiyo ni kweli, na kwa miaka nimejifariji na ukweli huo. Lakini nilielewa vya kutosha kucheka.

Siku chache kabla ya mkutano tukawa tunakunywa chai, akaniuliza kwa upole tu, kama anauliza sukari: "Hivi nani anaweza kupinga?"

Nikamjibu papo hapo. Nikasema Mzee Damiani, yule katekista mstaafu, na mama yangu.

Editha, hakuna aliyenishika mkono. Hakunitishia. Nilitaja majina mawili ya watu wanaonipenda kabla chai haijapoa. Mzee Damiani siku ya mkutano alipelekwa upande wa Munanila kwenye ziara ya mafunzo, kuona wakulima wenzake wanavyolima. Alifurahi sana. Alirudi jioni na miche miwili ya parachichi, akakuta mambo yamekwisha.

"Na mama yako?" Bwana Faustini alikuwa ameniuliza.

"Mama yangu niachieni mimi."

Sasa lazima nikwambie jambo kuhusu bibi yako ambalo labda ulikuwa mdogo mno kuliona. Alivuka kuja huku akiwa msichana, vita vimewafukuza, shamba la baba yake likabaki na wengine. Hapa alizaa, hapa alimzika babu yako, hapa alilima. Mwenyekiti wa zamani ndiye aliyemwonyesha kipande cha Ruhororo, akakisafisha kwa mikono yake. Wakati wa kiangazi, juu huku kukiwa kukavu, yeye alikuwa na maharage mabichi na mboga ya lengalenga. Lakini kwenye mikutano ya kijiji alikaa nyuma kabisa, na watu waliponyoosha mikono yeye alikuwa anaiangalia ya kwake mapajani. Hakuwa raia. Alipopata cheti chake cha uraia, mzee tayari, alinifanya nimsomee jina lake lote lilivyoandikwa. Mkutano wa bonde ulikuwa wa kwanza kwake kwenda kama mwananchi. Alikoga mapema. Alivaa kitenge alichokuwa amekiweka akiba, na akaja kukaa mbele.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule ya msingi. Meza kuu walikaa mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, Bwana Faustini, na mgeni mkubwa wa kampuni, mwanamume mmoja wa makamo aliyevaa kofia ya jua. Mtendaji, ambaye si mtu wa huku na hajui Kiha, alikuwa anaandika muhtasari. Mimi nilisimama pembeni mwa meza. Kwaya iliimba. Vijana walikuwa wamevaa jezi.

Mgeni akasoma, nami nikatafsiri. Tulipofika kwenye lile neno sikusita. Nikasema gutiza, kuazima. "Wanawauliza kama mnakubali kuwaazima bonde."

Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Bibi yako akasimama.

Akasema kwa Kirundi, pole pole, kama mtu anayesoma misa: "Mimi ni Yozefina. Nimesikia kwamba ni kuazima. Mimi nikimwazima mtu jembe, namwuliza atalirudisha lini. Bonde hili litarudi lini?"

Mgeni akanigeukia akitabasamu. "Bibi anasemaje?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri, na siwezi kusema kwa uhakika. Nadhani niliona kwamba nikilitafsiri swali lile kama lilivyo, mgeni atashangaa, atasema nani amewaambia ni kuazima, na watu wote watajua kwamba ni mimi. Nadhani pia nilimwonea haya mama yangu, na kandambili zake, kusimama mbele ya wageni na habari za jembe. Hilo la pili linaniumiza kuliko la kwanza.

Nikasema kwa Kiswahili, sauti yangu ikiwa safi kabisa: "Bibi anauliza kazi zitaanza lini."

Mgeni alifurahi mno. "Mwambie bibi, mapema sana! Mapema kuliko anavyodhani!" Meza kuu wakapiga makofi.

Nikamgeukia mama yangu, nikamwambia kwa Kirundi: "Anasema ni mapema sana. Mapema kuliko unavyodhani." Neno kwa neno, Editha. Jibu nililitafsiri bila kuongeza wala kupunguza.

Sasa kuna jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa shambani hunisimamisha na jembe hewani. Watu waliojua lugha zote mbili uwanjani pale walikuwa wengi. Nusu ya mkutano, pengine zaidi. Mwenyekiti alinisikia, akakohoa, akaangalia viatu vyake. Vijana wa jezi walinisikia, mmoja akamgonga mwenzake kiwiko. Kwaya yangu ilinisikia. Niliwaangalia nikisubiri mtu aseme "hapana, sivyo alivyosema," na nakuapia kwamba sehemu ya moyo wangu iliomba mtu aseme. Hakuna aliyesema. Eufrazia, yule anayeimba sauti ya pili na ambaye unamwita shangazi, aliniambia miaka baadaye kwamba alidhani nimesahau neno.

Wanawake wazee, wale ambao Kiswahili ni cha sokoni tu na ambao mashamba ya bondeni ndiyo yalikuwa yanawalisha, wao walimwangalia Yozefina. Walijua yeye si mtu wa kuridhika haraka. Wakamwona anatikisa kichwa kukubali, anakaa. Mwenyekiti akasema wanaoridhia wanyooshe mikono. Bibi yako akanyoosha, kitenge kikamteleza begani, akaacha mkono juu mpaka mtendaji alipomfikia kwa kalamu, akahakikisha amehesabiwa. Halafu akaniangalia. Alikuwa anatabasamu kama msichana. Wale wanawake wengine wote nyuma yake, mikono juu.

Bwana Faustini aliniambia jioni ile kwamba hajawahi kuona mkutano mzuri namna hiyo.

Kiangazi kilipofika bibi yako alichukua jembe na mbegu zake akashuka Ruhororo. Akakuta nguzo za mipaka na mlinzi aliyetoka mbali, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Shikamoo bibi. Hapa hapalimwi tena." Akarudi akasimama mlangoni pangu. "Ulisema ni mapema."

Nikamwambia, "Bado kidogo, mama."

Wiki iliyofuata akashuka tena na jembe. Akarudi. Nikamwambia bado kidogo. Mara ya tatu hakuniuliza kitu, alilisimamisha jembe ukutani akaingia kulala mchana, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Sikuwa nimejua kwamba naweza kumdanganya mama yangu mara tatu kwa jambo moja, na kila mara ikawa nyepesi kidogo kuliko ile iliyotangulia.

Kampuni ilikuwa imeanza kulima kipande kidogo karibu na barabara. Vijana waliajiriwa msimu mmoja. Zahanati ilijengwa msingi, ukaishia hapo, ndio ule mnaoanikia mahindi. Watu wakaanza kunung'unika, na Mzee Damiani akakusanya wazee tisa kwenda mjini kuuliza. Bibi yako akiwamo. Wakaniomba niende nao kutafsiri, kwa sababu nilikuwa mkalimani wao. Nilikwenda. Ningesema nini?

Kwenye ofisi ya ardhi tulipokelewa na binti mmoja, umri kama wako sasa hivi. Alituheshimu, akatafuta viti vya wazee, akalifungua faili. Akasoma kidogo, akakunja uso.

"Lakini hapa panaonyesha kwamba mliridhia wote, kwa kauli moja," akasema. "Na hakuna aliyepinga. Kuna swali moja tu liliulizwa." Akaweka kidole. "Swali: bibi Yozefina aliuliza kazi zitaanza lini. Jibu: mapema iwezekanavyo. Kumbe bibi ndiye aliyekuwa na haraka."

Akasema hivyo kwa utani mwema, akimwangalia bibi yako, asijue. Wazee wanaojua Kiswahili wakaangalia chini. Bibi yako alisikia jina lake likitajwa. Akanigeukia, kama alivyozoea maisha yake yote.

"Wanasemaje kuhusu mimi?"

Mkutano mzima, makofi yote, jezi na vitenge na mbuzi, watu mamia uwanjani, na kilichobaki kwenye karatasi ni uongo wangu umewekewa jina la mama yangu.

Nikamwambia kwa Kirundi, wote wakisikia: "Mama, imeandikwa kwamba uliuliza kazi zitaanza lini. Hukuuliza hivyo. Uliuliza litarudi lini. Ni mimi niliyebadilisha."

Hakupiga kelele. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu usiyemjua aliyekusimamisha njiani. Halafu akasema, "Mwambie huyu binti nataka swali langu liandikwe."

Nikatafsiri hilo, na mengine yote. Yule binti aliweka kalamu mezani, akawa ananiangalia mimi, si wao. Akaeleza kwamba muhtasari uliokwisha sainiwa haubadilishwi, ila tunaweza kuandika barua ya malalamiko ikaambatanishwa. Akaeleza pia kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakisikia mara ya kwanza: kwamba ardhi ikishahawilishwa imetoka kijijini. Hata kampuni ikiondoka kesho, haijirudii yenyewe. Na hilo nalo nilimtafsiria mama yangu. Lilinichukua muda.

Barua tuliandika. Kampuni iliondoka, kama unavyojua. Bonde limejaa matete, hakuna anayelilima, wala si letu. Barua bado inasubiri majibu, na mwenyekiti wa sasa huwa anakwenda kuifuatilia.

Nilidhani ubaya umeishia hapo. Mwaka uliofuata ukaja mradi wa maji. Wa kweli, Editha, wa bomba kutoka chemchemi ya juu, na kijiji kilitakiwa tu kukubali bomba lipite na kutoa eneo la tangi. Wale wageni hawakuleta mbuzi wala kitenge. Walileta ramani, wakaeleza vizuri, kwa Kiha. Mwenyekiti akasema wanaoridhia wanyooshe mikono. Hakuna. Akarudia. Watu wamekaa, wamekunja mikono, wamekaza midomo. Bomba likaenda kijiji cha jirani, ndiyo maana bado tunateremka mtoni na ndoo, na ndiyo maana mgongo wako uliendelea kuuma mpaka ulipomaliza shule. Hilo nalo ni langu, sehemu yake.

Uliwahi kuniuliza kwa nini bibi akienda hospitali humchukua mke wa Damiani kumsemea, wakati binti yake alifanya kazi hiyohiyo na wauguzi. Nilikujibu kwamba wamezoeana. Ukweli ni kwamba tangu siku ile hajaniomba nimtafsirie neno. Mimi humsindikiza, nikakaa nje kwenye benchi. Chakula changu anakula, tunasali pamoja, tunacheka. Lakini maneno yake hanipi.

Sikwambii usiende. Miti ni kitu kizuri na huenda watu wako ni watu wazuri. Bwana Faustini naye alikuwa mzuri, kwa hiyo sijui nikwambie upime kwa kipimo gani. Najua tu yaliyonipata mimi. Nilipenda kiti cha mbele. Nilipenda kuitwa Madam. Nililiita jambo la watu kuamua kuwa ni la kukamilisha tu, na siku hiyo, kabla ya uongo wowote, nilikuwa nimeshaacha kuwaona. Watakuja kukuuliza nani anaweza kupinga. Hawatakuuliza kwa ukali. Wewe una akili kuliko mimi na umesoma, sitakuwekea maneno mdomoni. Nakuomba tu usijibu haraka kama nilivyojibu. Nenda kwanza kwa huyo mtu, ukae kwake, umsikilize mpaka amalize. Labda baada ya hapo ndipo utajua kama kazi hiyo ni yako.

Na ukiona kwamba si yako, rudi. Hutanikuta nikikuuliza watu watasemaje.

Nilikuwa nimefika hapa nikataka kufunga barua, bibi yako akaingia na ungo wake wa maharage. Akaniuliza naandika nini muda wote huo. Nikamwambia namwandikia Editha habari za Ruhororo.

"Zote?"

"Zote."

"Na lile la mapema?"

"Nalo."

Akakaa. Akachambua maharage, mawe upande mmoja. Halafu akasema ana neno la kukuambia, na kwamba niliandike kwa Kiswahili, kama atakavyolisema. Ni hili:

"Editha, mimi sikunyoosha mkono kwa ajili ya mbuzi wao. Nilinyoosha kwa sababu aliyeniambia ni mtoto wangu. Hao wazee unaokwenda kuwaandaa, nao watamwamini mtu wao."

Amenitaka nimsomee nilivyoandika, kisha nimgeuzie tena kwa Kirundi, asikie kama ni yaleyale. Nimemsomea. Akanisimamisha kwenye maneno "mtoto wangu", akasema nirudie hapo. Nimerudia. Sasa ananiangalia, na sijui kama nimelisema sawasawa.

Mama yako,
Skolastika